Jibu la Mtaalamu: Je, Daktari wa Radiolojia Aweke Picha Mitandaoni?

Swali: Mimi ni daktari, niko mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa radiolojia, yaani fani ya kusoma picha za ndani ya mwili. Wenzangu wengi wana akaunti X na Instagram na wamo katika makundi ya WhatsApp, ambako huweka picha za CT skani na MRI na kuulizana maswali. Mkuu wetu wa idara anasema huko ni kupoteza muda na kuhatarisha siri za wagonjwa, lakini wenzangu wanasema asiyekuwamo atabaki nyuma. Mitandao ya kijamii ina nafasi gani ya kweli katika taaluma yetu? Nikiingia, nifanye nini na niepuke nini? Na mtu nisiyemjua akinitumia picha yake akaniomba nimsomee, nimjibuje?

Jibu:

Ndugu daktari, mkuu wako ana haki na wenzako wana haki, kwa sababu hawazungumzii jambo moja. Yeye akiitazama picha anaona siri ya mgonjwa, nao wakiitazama wanaona somo. Mimi ningependa uitazame kwa namna ya tatu: picha unayoiona kwenye simu ni kipande kilichochomolewa kutoka katika uchunguzi mzima, na faida utakayoipata inategemea ni kiasi gani cha uchunguzi huo kimefuatana na kipande hicho. Karibu kila ninachokushauri hapa chini kinatokana na hilo.

Chukua mfano wa CT ya kichwa. Mashine kwa kawaida huhifadhi vipimo vyake kwa biti 12, yaani viwango 4,096, na kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyozuia mionzi, hewa huwa hasi 1,000, maji sifuri, na mfupa mgumu hufika 1,000 na kuendelea. Picha ya kawaida ya JPEG inayotumwa mtandaoni ina viwango 256 tu vya kijivu, na kabla haijahifadhiwa mtu fulani amekwisha kuchagua dirisha, yaani sehemu ya vipimo hivyo atakayotuonyesha. Tuseme amechagua dirisha la kawaida la ubongo, lenye upana wa 80 na kitovu cha 40, yaani kuanzia 0 hadi 80. Kila kitu kinachozidi 80 kitakuwa cheupe kabisa. Damu mbichi iliyotandaa kama utando mwembamba kandokando ya fuvu, yenye kipimo cha 60 au 70, itakaribia weupe wa mfupa na kuungana nao machoni, na msomaji atapita bila kuiona. Ukiwa kwenye kompyuta yako ya kusomea unapanua dirisha hadi 200 au zaidi, na damu inajitenga na mfupa mara moja. Kwenye simu huwezi, maana taarifa hizo zimekwisha kutupwa, na programu ya kutuma ujumbe huenda imeibana picha mara ya pili.

Halafu kuna suala la idadi. CT ya kifua iliyokatwa kwa unene wa milimita moja huwa na vipande zaidi ya 300. Anayekuwekea kipande kimoja au viwili mtandaoni amekwisha kukufanyia sehemu ngumu ya kazi, nayo ni kutafuta. Amekuonyesha mahali pa kuangalia, na kwa kule kuiweka tu amekuambia kwamba kuna kitu. Unachobaki nacho ni kutaja jina la ugonjwa. Zoezi hilo lina manufaa yake, na mimi mwenyewe hulipenda, lakini makosa mengi ya kusoma picha hutokea kwa sababu jicho halikufika mahali penye ugonjwa, wala si kwa sababu daktari hakulijua jina lake.

Jambo jingine linanisumbua zaidi kwa mtu aliye katika hatua yako. Mtandao hutunuku cha ajabu. Hakuna anayebandika eksirei ya kifua isiyo na tatizo akapata maoni 200. Mwanafunzi anayejifunza kwa wingi kutoka mitandaoni huiona mivilio adimu ya damu, uvimbe wa nadra na vitu vilivyomezwa na watoto mara nyingi kuliko vinavyotokea katika maisha ya hospitali, na hatua kwa hatua kipimo chake cha ndani cha nini ni cha kawaida na nini si cha kawaida kinapotoka. Akirudi kazini anaita kila kivuli ugonjwa, anaomba MRI ya ziada, na mgonjwa anakaa wiki mbili akiamini ana saratani. Kujua mipaka ya hali ya kawaida, yaani mshipa unaopita mahali pasipo kawaida, tezi ya thaimasi kifuani mwa mtoto mchanga, au kimfupa cha ziada kwenye kifundo cha mguu, ndiyo maarifa yanayochukua miaka, nayo huyapati kwa kutelezesha kidole kwenye simu. Yanapatikana kwenye orodha yako ya kila siku ya picha za kusoma, chini ya jicho la bingwa anayesahihisha ripoti zako. Kwa hiyo kila saa unayoitoa kwa mitandao isitokane na saa za orodha hiyo.

Baada ya kusema hayo, sitaki uondoke ukidhani kwamba mkuu wako ameshinda hoja, kwa sababu yapo mambo ambayo taaluma yetu isingeyapata kwa njia nyingine yoyote. Radiopaedia, iliyoanzishwa mwaka 2005 na daktari wa radiolojia wa Australia, Frank Gaillard, ni kazi ya watu wengi wanaohaririana, na visa vyake vingi huja na vipande vyote vya uchunguzi ambavyo unaweza kuvipitia juu na chini, pamoja na umri wa mgonjwa, dalili zake na mara nyingine majibu ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa tishu. Hicho ndicho ninachokiita kipande kilichofuatana na uchunguzi wake. Kwenye X, alama ya #FOAMrad imekuwa kwa miaka mingi njia ya kukusanya mafunzo ya bure ya radiolojia. Wakati wa mkutano wa RSNA, chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, kule Chicago au ule wa Ulaya kule Vienna, daktari asiye na nauli wala viza anaweza kufuatilia hoja kuu za ukumbi siku ileile zinapotolewa. Kwa aliye katika hospitali yenye bingwa mmoja tu wa radiolojia, au asiye na hata mmoja, hilo si jambo dogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 tuliona sura zote mbili za mitandao kwa pamoja. Madaktari wa China, na baadaye wa Italia, walisambaza picha za CT za mapafu ya wagonjwa wa COVID-19: vivuli vyepesi mithili ya kioo chenye ukungu, pande zote mbili, vikielekea kingo za mapafu na sehemu za chini. Madaktari wa nchi ambazo ugonjwa ulikuwa haujafika walizifahamu sura hizo kabla ya kumpokea mgonjwa wao wa kwanza. Wakati huohuo mitandao ilijaa rai kwamba CT itumike kumchuja kila mtu, na kwa aliyetazama picha zile tu rai hiyo ilionekana kuwa na mantiki. Machi 2020 Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ACR, kilitoa msimamo kwamba CT isitumike kama kipimo cha kuchuja wala cha kwanza cha kutambua COVID-19, kwa kuwa mapafu ya mafua makali na ya magonjwa mengine yanaweza kuonyesha vivuli vilevile. Mtandao ulitufundisha sura ya ugonjwa kwa kasi. Haukuweza kutufundisha ni wangapi wenye sura hiyo ambao hawana ugonjwa huo, kwa maana hao hawakupigwa picha za kubandikwa.

Faida ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, si visa. Ni mabishano ya kitaalamu yanayofanyika hadharani. Utakuwa umesikia kwamba mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mababa wa akili mnemba, alisema ifike mahali watu waache kufundisha madaktari wa radiolojia, kwani kompyuta ingewapita ndani ya miaka mitano. Kipande kile cha video kimezunguka mno, na naamini kipo kijana mwenye kipaji aliyechagua fani nyingine kwa sababu yake. Mwaka uliofuata, Novemba 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa andiko kuhusu programu ya CheXNet, na mmoja wao, Andrew Ng, akauliza kwenye Twitter (sasa X) kama madaktari wa radiolojia wawe na wasiwasi juu ya ajira zao, akitangaza kwamba programu hiyo inatambua nimonia kwenye eksirei za kifua vizuri kuliko wao. Andiko lenyewe lilikuwa bado halijapitiwa na jarida lolote.

Programu hiyo ilikuwa imefunzwa kwa mkusanyo wa ChestX-ray14 uliotolewa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wenye eksirei 112,120 za wagonjwa 30,805. Lebo za magonjwa hazikuwekwa na daktari aliyeziangalia picha, bali zilichotwa na kompyuta kutoka kwenye maneno ya ripoti. Mwezi uliofuata Luke Oakden-Rayner, daktari wa radiolojia wa Australia, alifanya jambo rahisi ambalo wengi hawakulifanya: aliketi akazifungua picha zenyewe. Aliandika kwenye blogu yake kwamba lebo nyingi hazikulingana na kilichokuwa kikionekana, na kwamba picha nyingi zilizopewa lebo ya hewa iliyovuja kuzunguka pafu zilikuwa za wagonjwa waliokwisha kuwekewa mrija wa kuitoa. Hapo programu inaweza kupata alama nzuri kwa kuutambua mrija, huku ikimkosa mgonjwa ambaye bado hajatibiwa, naye ndiye anayehitaji kutambuliwa. Mjadala uliofuata ulisomwa na madaktari na wanasayansi wa kompyuta pamoja, na umeathiri namna watu wanavyozipima programu hizi mpaka leo. Kwa njia ya barua kwa mhariri wa jarida ungechukua miezi mingi, na ungesomwa na wachache. Ukitaka mfano wa namna daktari wa radiolojia anavyopaswa kuitumia mitandao, chukua huo: alirudi kwenye picha, akazitazama kwa ukamilifu, akaeleza alichokiona kwa hoja zinazoweza kuhakikiwa.

Kwa umma nako kuna kazi, na nasikitika kwamba tumeiacha kwa muda mrefu. Mgonjwa humjua daktari aliyempasua, lakini wa radiolojia kwake ni sahihi tu chini ya ripoti. Pengo hilo hujazwa na uvumi. Kuanzia mwaka 2010 na 2011 ulienea ujumbe kwamba wanawake wanaopigwa mamografia wadai kinga ya shingo kwa sababu kipimo hicho, ambacho ni eksirei ya matiti, huleta saratani ya tezi ya shingo. ACR ilieleza kwamba mionzi inayofika kwenye tezi hiyo wakati wa mamografia ni midogo sana, sawa na ile ya asili anayoipata mtu yeyote kwa takribani nusu saa, na kwamba kinga hiyo inaweza kuharibu picha na kulazimu irudiwe. Bado ujumbe ule huibuka upya kila mara. Daktari anayeweza kuandika sentensi nne zinazoeleweka, zinazosema kwamba eksirei moja ya kifua ina mionzi ya takribani milisiverti 0.1, kwamba CT ya tumbo huweza kuwa na nyingi zaidi ya hiyo mara themanini au mia, na kwamba altrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hiyo, anafanya kazi ya afya ya jamii. Huko huhitaji picha ya mgonjwa hata moja.

Sasa nije kwenye hofu ya mkuu wako, ambayo nakuomba uichukue kwa uzito wote. Faili la DICOM, yaani muundo ambao picha za hospitali huhifadhiwa, hubeba ndani yake jina, namba ya mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, hospitali na saa ya kipimo. Kwenye altrasaundi, jina mara nyingi huchapwa ndani ya picha yenyewe. Usipige kamwe picha ya skrini ya kazini kwa simu yako: kona moja ya jina hubaki, na nakala hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla hujaikagua. Picha itolewe kwenye mfumo wa hospitali kwa njia ya mfumo huo ya kuondoa utambulisho, kisha itazamwe na mtu wa pili. Wala usiridhike na kukata kingo ndani ya slaidi au kufunika jina kwa kisanduku cheusi. Mwaka 2020 vyama vya ACR, RSNA na SIIM, hiki cha mwisho kikiwa cha wataalamu wa mifumo ya kompyuta ya picha za tiba, vilitoa tahadhari kwamba picha zilizobandikwa kwenye slaidi na faili za PDF ziliendelea kubeba majina yaliyofichwa kwa namna hiyo, na mitambo ya kutafuta kwenye intaneti ilikuwa ikiyasoma na kuyaonyesha kwa yeyote anayemtafuta mgonjwa kwa jina lake.

Picha za kichwa zina hatari ya peke yake. Watafiti wa Mayo Clinic walichapisha mwaka 2019 jaribio ambalo nyuso zilitengenezwa upya kutoka kwenye MRI za kichwa za watu 84 waliojitolea, na programu ya kutambua nyuso ikazilinganisha na picha zao za kawaida. Ililinganisha sahihi watu 70, sawa na asilimia 83. Kipande kimoja hakitoshi kutengeneza uso, lakini mfululizo mzima unatosha, na hapa ushauri wangu wa awali unagongana na usalama wa mgonjwa: kadiri uchunguzi unavyokamilika, ndivyo unavyofundisha zaidi na ndivyo unavyomtambulisha zaidi mwenyewe. Mgongano huo hautatuliwi na daktari mmoja usiku akiwa na simu. Ndiyo maana mfululizo kamili wa kichwa uwekwe tu kwenye majukwaa yenye wahariri na kanuni, baada ya uso kufutwa. Vitu vidogo navyo husema: picha mashuhuri ya mkono wa Anna Bertha, mke wa Röntgen aliyegundua eksirei, iliyopigwa Desemba 1895, haina jina lolote juu yake, lakini pete iliyo kidoleni ingetosha kwa yeyote aliyemfahamu.

Na mara nyingi anayemfichua mgonjwa ni maelezo, wala si picha. Chukua chapisho hili la kubuni: “Usiku huu zamu yangu: kijana wa miaka 19, ajali ya pikipiki, ini limepasuka.” Halina jina. Lakini aliyeandika ana jina, hospitali yake inajulikana, na tarehe imeandikwa juu ya chapisho. Mama wa kijana huyo akilisoma atamjua mwanawe kabla hajaambiwa na daktari hali ya ini lake. Acha miezi ipite, taja umri kwa makadirio, ondoa tukio lisilo la lazima kwa somo, na kama kisa ni adimu kiasi kwamba mji mzima unamjua mgonjwa, usikiweke bila ridhaa yake ya maandishi. Ridhaa ya kupigwa picha kwa ajili ya matibabu haikuruhusu kuichapisha, na kibali cha hospitali hakichukui nafasi ya ridhaa ya mgonjwa. Sheria za nchi zinatofautiana, kuanzia HIPAA ya Marekani inayolinda taarifa za afya hadi GDPR, sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, na sheria inayokubana wewe ni ya mahali unapofanyia kazi. Isome mwenyewe, usiisikie kwa wenzako.

Makundi ya WhatsApp ya idara watu wengi hawayahesabu kuwa mitandao ya kijamii, nami nayaogopa kuliko akaunti za wazi, kwa sababu humo watu hujiona wako nyumbani. Bingwa akiulizwa saa nane za usiku kwa picha ya simu, anachoweza kutoa ni maoni ya kuharakisha hatua inayofuata, kwa mfano kumwita daktari wa upasuaji. Hawezi kutoa ripoti, na neno “safi” lililoandikwa humo lisiingizwe kwenye faili la mgonjwa kama matokeo ya kipimo. Atakayeifungua CT kwa ukamilifu asubuhi ndiye anayeripoti.

Anayekutumia picha yake faraghani mjibu kwa upole na upesi, kwa sababu nyuma ya ujumbe ule kuna mtu mwenye hofu. Usimwambie “sioni tatizo”, hata kama kweli huoni. Umeona kipande kimoja, hujui dalili zake, huna picha za zamani za kulinganisha, na yeye atalichukua neno lako kama ruhusa ya kutorudi hospitali. Mwambie huwezi kuisoma picha kwa njia hiyo bila kumhatarisha, mweleze ana haki ya kuomba ripoti ya maandishi na nakala kamili ya kipimo chake, na kwamba anaweza kumwomba daktari wake maoni ya bingwa wa pili. Akitaja maumivu makali ya kifua, kupooza ghafla au kushindwa kupumua, mwambie aende kwenye huduma ya dharura sasa hivi, kisha ndipo uendelee na maelezo mengine.

Kuhusu mkuu wako, usibishane naye kwa hoja ya kubaki nyuma. Mwombe idara iandike mwongozo wa ukurasa mmoja unaosema nani anaruhusiwa kutoa picha kwenye mfumo, nani anaikagua kabla haijatoka, ridhaa inahifadhiwa wapi, na nani anapigiwa simu picha ikitoka kimakosa. Mpaka mwongozo huo utakapotiwa sahihi, ingia mitandaoni ukiwa msomaji: fuata wahariri wa majarida, fuata wanaobishana kwa hoja, na kila kisa kitakachokuvutia kitafutie mfululizo wake kamili kabla ya kusoma jibu.